Doa Jeupe la Mwezi wa Nne

Mzee Flashi alikuwa na studio ya picha ya chumba kimoja, yenye pazia la bluu na kochi dogo jekundu, na majigambo yasiyoenea humo. "Mungu huumba, mimi namalizia," aliwaambia wateja. Wala hakudanganya sana: ungeingia na chunusi kumi, ungetoka na shavu kama yai.

Aliyemmalizia kwa mapenzi kuliko wote ni mjukuu wake. Kila mwezi alimweka kwenye kochi, akampiga picha, akaisafisha kwenye kompyuta, kisha akampa binti yake, mama wa mtoto, aibandike kwenye albamu. Mwezi wa nne tangu azaliwe, jicho la kushoto likatoka na doa jeupe, kama jicho la paka gizani. Flashi akailaumu taa ya kamera, akalipaka weusi. Mwezi wa tano vilevile. Mazoea yana taabu: ikafika mahali mkono wafuta kabla macho hayajaona.

Mtoto alipofikisha mwaka na nusu, muuguzi wa kliniki alimwelekezea simu usoni. Ilikuwa na programu ya akili mnemba inayotafuta dalili za saratani ya jicho. Ikatoa alama nyekundu.

"Huenda ni mwanga wa dirisha," muuguzi alisema. "Nileteeni picha zake za zamani."

Binti akaleta albamu, Flashi nyuma yake. Simu ikapitishwa juu ya picha zote. Safi, moja baada ya nyingine.

"Simu yenyewe imezeeka kumshinda baba," binti akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Basi mrudi baada ya miezi mitatu," muuguzi akasema.

Flashi, mtu wa kusema hata asipoulizwa, aliitazama albamu. Akinyamaza, atabaki bingwa.

"Hizo nimezisafisha," akasema. "Kulikuwa na kitu cheupe, nikawa nakifuta."

"Tangu lini, baba?"

"Mwezi wa nne."

Hospitalini jicho likatolewa ili mtoto apone. Daktari alipoziona picha halisi alisema lingewahiwa, pengine lingeokolewa. Hakumlaumu mtu. Afadhali angelaumu.

Mwezi uliofuata binti akamweka mtoto kwenye kochi jekundu, akaigeuzia kamera upande wake wa kushoto, kope ikiwa imelala juu ya tundu.

"Piga."

"Mwanangu, tungoje jicho la bandia. Atapendeza."

"Piga, baba. Na hii usiimalizie."