Kompyuta Isiyoitikia Hodi

Juzi niliingia ofisi moja ya hospitali hapa Ifakara kuulizia kazi, nikaambiwa come next week, kama kawaida. Mbele yangu alisimama mama kutoka Mchombe. Mwanawe yuko wodini, na daktari wa Dar ameweka majibu ya kipimo kwenye intaneti. Ilibaki kuyashusha tu.

Karani akabonyeza. Kioo kimya. Hakuna hata neno moja, nothing. Akabonyeza tena.

“Kaka, acha! Kila ukibonyeza yanaanza kushuka upya,” nikamwambia.

“Wewe graduate, kazi unayo?” Akabonyeza mara ya tatu, kisha akapeleka mkono kwenye swichi. “Mama, hodi ni tatu. Tumebisha, hakuna mtu. Njoo kesho.”

Mama akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili. “Baba, kesho sijui kama nitakuwa na mtoto.”

Hakuna aliyesogea. Karani alitoka jasho, na mama hakuachia. Tulikuwa tumeshakata tamaa yale majibu yalipotokea, mstari mmoja mmoja. Karani akayachapa, akakimbia nayo wodini, mama nyuma yake, kanga ikimdondoka.

Sasa namuuliza aliyetengeneza ukurasa ule, maana yeye mshahara anao: ingemgharimu nini kuandika “Subirini, naja”? With all that education! Huku kwetu hata aliye chooni hukohoa, watu wajue yumo.