Namba Nilizompa Mwenzangu

Mwalimu wetu wa hesabu pale Iringa alikuwa na nafasi moja tu kwenye lori la shule lililokuwa likienda mashindanoni Mbeya. Akaandika ubaoni 30,031.

"Ni tasa au si tasa? Atakayenionyesha kesho ndiye atakayekwenda."

Ilikuwa miaka ya sabini, na ruhusa ya kwenda nyumbani katikati ya muhula hupewi hata ulie. Kwetu Ilomba, hukohuko Mbeya, mama alikuwa mgonjwa. Mashindano sikuyajali, nililitaka lori.

Namba ile ina hila. Zidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, halafu ongeza moja, unaipata. Kwa hiyo ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja, nawe unajiona umeshamaliza. Bado. Zilibaki tasa nyingine za kujaribu, kuanzia 17 hadi 173. Zote zikikataa kuigawa, basi nayo ni tasa. Nikagawana kazi na msichana niliyelala naye kitanda cha juu na chini, mtoto wa hapohapo Iringa, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

"Utaenda wewe," alisema. "Mimi Mbeya nina nani?"

Alikuwa ametoka kuugua malaria, nikampa zilizo nyepesi, za chini ya mia. Za juu nikabeba mimi. Tulifanya kama kwenye shamba la shule: kila mtu na tuta lake, na kulikagua tuta la mwenzako ni kumtukana.

"Zako vipi?" nilimuuliza.

"Nimemaliza zote. Hamna hata moja inayoingia."

Nikasimama mbele ya darasa nikasema ni tasa. Mkono ukanyooshwa nyuma.

"Mwalimu, si tasa. Ni 59 mara 509."

Alikuwa yeye. Alikwenda ubaoni akazidisha polepole bila kuniangalia, na jibu likatoka sawasawa. Darasa likapiga makofi. Mjinga mimi, nami nikapiga, kabla sijakumbuka kwamba 59 ilikuwa kwenye fungu lake.

Alirudi kutoka Mbeya na kikapu cha magimbi. Kumbe alikuwa amepitia kwetu.

"Mama yako kanilaza kitanda chako," akasema. Kisha akaongeza, "Ndaga," akitamba na shukrani ya Kinyakyusa aliyofundishwa na mama yangu. Magimbi yale sikuyaonja.

Mama alipona, akaishi miaka mingi. Kila nilipokwenda likizo aliniuliza, "Yule mwenzio mwenye utu, aliyekuja kuniona nilipoumwa, hajambo?"

"Hajambo, mama."

Ningeanzia wapi, na 59 mama angeielewa vipi? Akatingisha kichwa kwa furaha. Kwa nini sikuja mimi, hakuniuliza hata siku moja.