Machipukizi ya Dada Levina

Mgomba unaooza ukiwa bado umesimama una harufu yake, uchachu uliochanganyika na utamu, na mwaka nilipokuwa na miaka kumi harufu hiyo ilienea kijiji chetu chote cha Chonyonyo. Ulikuwa mwaka wa mnyauko. Mgomba unauacha mzima, baada ya siku chache jani moja linageuka njano na kulegea, kisha la pili, na ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukizipasua ndani zina madoa ya kahawia hata ng'ombe anazikataa. Bwana shamba alipita kila kitongoji akihimiza yale yale: panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na mtu asiazime panga la jirani. Kwetu panga huazimwa kama chumvi, kwa hiyo watu walimsikiliza vizuri, wakampigia makofi, wakarudi nyumbani wakaendelea kuazimana. Nami nilikuwa mmoja wao.

Mtu wa mjini akisikia neno chipukizi hufikiria mmea wowote mchanga, au mwanamuziki anayeanza kusikika redioni. Mwalimu wetu alituita chipukizi wa taifa, mchungaji akatuita chipukizi wa kanisa, na wote wawili kwa kawaida walikuwa wanataka tukachote maji. Lakini kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, chipukizi lilikuwa jambo zito. Ni mtoto wa mgomba anayejitokeza ardhini kando ya mama yake, na majani yake membamba yamechongoka. Kila shina huachiwa mama, mtoto na mjukuu. Wengine hukatwa wasije wakagombea chakula. Lile nene linalochimbuliwa na mizizi yake huenda kupandwa kwingine, na kumpa mtu chipukizi la kwenu ni kumwambia kwamba unamtakia akae pale alipo, azae, azeeke. Nyumbani kwetu hakuna binti aliyeolewa bila kupelekewa.

Dada yangu Levina alikuwa ameolewa Isingiro, kule Kyerwa, na mnyauko ulikuwa umemaliza kibanja chao chote. Waling'oa kila shina, wakaiacha ardhi misimu miwili ya mvua wakipanda maharage tu. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kusema kwamba mkosi uliingia na bibi harusi. Sasa udongo ulikuwa umepumzika, na Baba alimtumia salamu kwamba machipukizi ishirini yanamsubiri, kutoka mashina yetu sita ya nyuma ya jiko, yale yaliyotupa mikungu ambayo Baba hakuweza kuinyanyua peke yake. Levina alijibu kwamba angekuja baada ya wiki tatu. Nilijua alivyokuwa akiyahitaji, maana Mama alilia aliposikia anakuja, na Mama si mtu wa kulia.

Wiki hiyo hiyo nilipewa kazi ya kupunguza yale mashina sita, nikate vitoto dhaifu ili vinene vipate nguvu. Panga letu alikuwa nalo Baba kwenye kahawa. Nikaenda kwa jirani yetu Mama Koku, nikaazima lake, nikakata shina la kwanza hadi la sita bila kulipitisha motoni hata mara moja, kwa sababu wenzangu walikuwa wananisubiri kucheza mpira wa majani makavu. Nilipolirudisha nilipita nyuma ya nyumba yake, nikaona mgomba wenye majani mawili ya njano yaliyoning'inia. Mama Koku aliniona nikitazama, akasema jua la siku hizi limekuwa kali. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile.

Wiki tatu zile sikula vizuri. Kila asubuhi kabla ya shule nilizunguka mashina sita nikikagua jani kwa jani, na kila jani zee la chini lililokauka kwa umri wake lilinitoa jasho. Nilitaka kusema, lakini Baba angeng'oa kila kitu nyuma ya jiko na dada yangu angekosa. Nikinyamaza, huenda nampelekea ugonjwa kwa mkono wa baba yake mwenyewe, na yule mama mkwe angepata ushahidi aliokuwa akiutafuta. Migomba ilibaki kijani. Nilijipa moyo kwa hilo.

Levina alifika na pikapu ya Mzee Salumu, mwenye duka mjini Kayanga, aliyekuwa anapeleka mizigo Kyerwa na alitaka kuondoka kabla ya saa sita. Nilimwamkia mzee huyo shikamoo, akaniuliza kama shule inaendelea, kisha akapiga honi kuwahimiza wakubwa. Baba alichimbua, Mama akapunguza mizizi, Levina akayapanga machipukizi kwenye majani mabichi, anacheka, anasema hili litakuwa mlangoni, hili karibu na kisima. Jinsi alivyokuwa akilitajia kila moja mahali pake ndiyo iliyonishinda. Nilimshika Baba shati nikamwambia kwamba mashina yale niliyapunguza kwa panga la kuazima. Alisimama akiwa na jembe mkononi.

"Panga la nani?"

"La Mama Koku."

"Ulilipitisha motoni, Asimwe?"

Nilitikisa kichwa. Baba hakunipiga, heri angenipiga. Alichukua panga letu akayakatakata machipukizi yote palepale mbele ya Levina, kisha akaanza kung'oa mashina, na Mzee Salumu akazima injini bila kuulizwa. Dada yangu hakunitazama. Alijifuta udongo, akaweka nyuma ya pikapu kikapu cha maharage alichopewa na Mama, akapanda, wakaondoka. Mashina mengine ya kibanja chetu hayakuugua kamwe, na kwa miaka mingi nilisikia Baba akiwaambia wageni kwamba siku ile alipoteza migomba yake bora kwa woga wa mtoto. Levina alisubiri mwaka mwingine mzima ndipo mradi fulani ukawagawia miche. Niliamini nimemnyima dada yangu bure, na aibu hiyo niliingia nayo ukubwani.

Siku hizi miche ya migomba inatoka maabara, imo kwenye vifuko vyeusi vya plastiki, safi, inalingana kama wanafunzi mstarini. Mapanga yetu tunayachovya kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, na watoto wangu hawajawahi kutumwa kuazima panga kwa mtu. Ni bora hivi, nasema kwa moyo wote, ingawa hakuna anayejua tena mgomba wake ulitoka kwa nani. Mwezi uliopita nilikuwa Isingiro kwa Levina, tunamenya ndizi, nikamwomba msamaha wa siku ile kwa mara ya kwanza. Aliacha kumenya. Akaniambia kwamba kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaficha chipukizi moja kwenye kikapu, chini ya maharage, na kwamba kwa sababu ya maneno yangu alilipanda likiwa peke yake, mbali, nyuma ya choo.

"Likaota?" nikauliza.

"Wiki ya sita likanyauka. Lilitoa usaha wa njano nilipolikata. Nililichoma, sikumwambia mtu, hata mume wangu."

Nilimwuliza kwa nini aliniacha miaka yote hii nikidhani nilimdhulumu bure.

"Ningekwambia, ungejua kwamba ni wewe uliyeuleta ugonjwa kwa Baba," akasema. "Ulikuwa na miaka kumi, Asimwe."