Kuni Juu ya Ghala ya Susu

Moshi wa kuni ya mgunga ukinipata mahali popote, hata hapa Mlolongo penye kila mtu anapika na gesi, niko Kivaa tena, na Susu, nyanya yangu, ananiita kichwa ngumu.

Susu alikuwa na ghala ya mbao yenye babu alijenga kabla afe, imesimama na nguzo nne. Mchwa walikuwa wamekula nguzo ya mbele mpaka ukiigonga inalia kama debe. Mjomba, kijana yake wa Athi River, alikuwa amesema akija Jumamosi akute hiyo kitu imeoza, anabomoa, na Susu anahama kwake. Susu akaapa hatoki. Akaniambia tupange magogo yote juu, tena upande wa mbele wenye unaonekana kutoka njiani, kwa sababu kwetu mama anapimwa na kuni yake.

Hapo ndio nilikataa. Wacha niwaambie, nilikuwa msichana wa darasa la tano, mwembamba kama mwiko, lakini mdomo ilikuwa ya mtu mzima.

"Susu, mimi sipandishi. Hii ikianguka, Mjomba atakubeba pamoja na mbao."

"Umewahi kuniona nikianguka?"

"Si wewe, ni ghala."

Akasema basi leo muthokoi, yale mahindi yake ya kukobolewa na maharagwe, nitakula na macho. Sawa. Na njaa yangu nikaviringisha magogo mazito chini ya ghala, nikayalaza juu ya mawe, nikayabananisha na ile nguzo mbovu pande zote. Juu nikaweka vijiti tu, nimetandaza sawa mbele na nyuma. Ukiwa njiani, unaona ghala imejaa mpaka paa. Susu alinitazama amekunja mikono. Baadaye akaniletea jiwe moja zaidi.

Mjomba akaja. Akasukuma nguzo na bega, shati yake nyeupe ikashika vumbi. Ghala ikalia kidogo, ikanyamaza. Akauliza nani alipanga hizi kuni.

"Ni mimi," Susu akasema. "Kwani unaona nani mwingine hapa?"

Nilivimba kama chura. Jasho yangu imeibiwa mchana! Ilinichukua miaka kujua ni Susu alikuwa anasukumwa na hiyo bega, si nguzo. Angesema mtoto amemsaidia, angeamkia Athi River.

Alibaki Kivaa mpaka siku yake ilifika. Na hata leo Mjomba akiniuliza, namwangalia kwa macho: Susu ndiye alipanga.