Kifungo cha Fundi wa Shoto

Mmeniganda wiki nzima niandike, na mnajua kalamu hainipendi. Haya, naandika mara moja, sirudii.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na kaka yake vilevile, ila kaka ni wa shoto. Siku hiyo Mama Pindo alikuwa akishona mapazia nyumbani kwa mpelelezi maarufu, yule tuliyemwita Bwana Pazia, maana miaka tisa hakutia mguu nje. Kutembea alitembea msaidizi wake. Bwana alikaa kitini akifikiri, msaidizi akaja kuyaandika mambo yake kwenye vitabu.

Msaidizi akaweka kifungo cha koti mezani. Kiliokotwa dirishani kwa sonara aliyeibiwa. Bwana Pazia akakikodolea macho mpaka chai ikapoa.

"Hicho kashona kaka yangu," Mama Pindo akasema, sindano mdomoni. "Uzi umezungushwa kinyume. Mkono ule hakuna mwingine mjini."

Alikuwa anamsifu kaka yake, basi.

Asubuhi kaka akabebwa na polisi. Mama Pindo akarudi mbio, kiatu hiki na kile havifanani.

"Bwana, yeye kashona kifungo tu. Koti ni la mteja. Ulizeni ni nani."

"Kaka yako anamkumbuka?" Bwana akauliza.

"Kashona maelfu, amkumbuke yupi?"

"Basi, mama, kesi imekwisha," msaidizi akasema. "Malizia pazia la pili."

Akalimalizia. Hilo hajajisamehe mpaka leo.

Mwaka wa pili mwenye koti akanaswa na mikufu ya sonara. Kaka akaachiwa, hata pole hakupewa. Lakini kitabu cha msaidizi kilishatoka. Humo Bwana Pazia ndiye aliyeutambua uzi, Mama Pindo hayumo hata kwa kikohozi, na mwizi ni fundi wa shoto. Mama Pindo akamfuata msaidizi, akamwambia arekebishe.

"Wasomaji wamekipenda hivyohivyo," akajibiwa mlangoni.

Sasa kaka anashonea mkono wa kulia, na mshono unakwenda upogo. Wateja wanamtania, "Fundi, leo usituibie vifungo." Kila mchana anakula kwa dada yake, macho ukutani, neno hamtupii.

Wewe unayesoma, kitabu hicho unacho, usinidanganye. Kitoe. Ukurasa wa mwisho, penye "mwizi", kata kwa wino, andika "fundi". Kisha mpelekee kaka nguo yako, umwambie ashonee mkono wake wa shoto.