Daftari la Kura la Mama Mkubwa

Blogu yangu ya kilimo cha alizeti ilipoingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo za blogu, sikushangaa. Diploma yangu ya kilimo nilijilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo Dar es Salaam, kisha nikarudi Unyambwa, nikajenga, nikalima, nikaandika. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nilitangaza kila mahali kwamba tuzo inakuja Singida, na nikamwahidi mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, kwamba itatundikwa sebuleni kwake.

Shindano lenyewe lilinifaa, siwezi kukataa. Wakulima wa Nduguti na Issuna, ambao bila orodha ile wasingejua kama nipo, walianza kuniuliza habari za mbegu. Lakini mshindi alitafutwa kwa kura za mtandaoni, na wasomaji wangu wa hapa kijijini hawasomi, wanasomewa. Kila Jumapili baada ya ibada mama mkubwa hukaa uani na simu yake, akaisoma makala mpya kwa sauti, akiifasiri kwa Kinyaturu ninapozidisha utaalamu, na watu hubishana naye kana kwamba yeye ndiye aliyeiandika.

Jumapili ya mwisho ya kura nilimkuta amewapanga wasikilizaji wake mstari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa kule. Mgombea hasogelei sanduku."

Sanduku ni simu yake, iliyolazwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Kila mtu alifika, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, na jina lake likaandikwa kwenye daftari. Hakuna aliyekubali kubonyezewa. Mzee mmoja vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa jembe, simu haikumsikia. Akaambiwa akanawe, arudi nyuma ya mstari.

"Huyu akishinda ataendelea kutusalimia?" jirani aliuliza.

"Atakusalimia kwa Kiingereza. Bonyeza."

Sharti la simu moja kura moja nilikuwa nimelisoma. Nilitaka kuwaambia, lakini yule mzee alikuwa amerudi, mikono inachuruzika maji, ameshika foleni upya. Nikajiambia kura za ziada hazitahesabiwa tu, yataisha. Nikakaa pale nilipoambiwa nikae.

Kesho yake asubuhi nikapokea barua pepe: blogu yangu imeondolewa kwa udanganyifu wa kura. Mimi, ambaye sijawahi kunakili hata sentensi ya mtu. Niliwajibu kwa adabu kwamba simu ni moja lakini watu ni arobaini na wawili, majina yapo, naweza kuwapigia picha daftari. Ikarudi barua ileile, neno kwa neno. Nikaandika tena. Ikarudi tena. Hapakuwa na mtu upande ule. Wenzangu kwenye orodha, ambao kila msomaji wao ana simu yake mfukoni, waliendelea kupanda.

Jioni mama mkubwa akaja na daftari kwapani.

"Tumeshinda?"

Ningemwambiaje kwamba walioniangusha ni hao waliopanga mstari?

"Bado wanahesabu, mama."

"Wakishindwa, waje wachukue hili. Nimeandika vizuri."

Nikamsindikiza hadi kwake. Sebuleni, kati ya kalenda na picha ya mama yangu, msumari ulikuwa umeshapigiliwa. Akaniuliza kama uko juu sana. Nikasema uko sawa.