Aliyekufundisha Baiskeli Anazikwa Leo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, watu wanapita wanacheka, na nyumba ya pili kutoka pale niliposimama kulikuwa na maiti asiye na wa kumbeba. Kisa hicho nilikiweka miaka mingi. Nimekitoa wiki hii kwa sababu ya mjukuu wangu Salma, na kwa kuwa na wewe unaandika kama yeye, keti kidogo usikilize. Jungu kuu halikosi ukoko.

Salma ana blogu. Anaandika habari za Unguja yetu: wapi uroja mtamu, nani bado anachonga milango kwa mkono, Bwejuu wanawake wanavuaje pweza maji yakitoka. Anaandika vizuri, sisemi kwa kuwa ni damu yangu. Juzi kaja, kanipa shikamoo yake ya haraka haraka, nimeitikia marahaba sijaimaliza, simu iko usoni pangu.

"Babu, soma hichi kichwa cha habari. Nnataka kukirusha leo."

Nikaisogeza simu mbali, maana macho yangu sasa yanasoma vya mbali tu. Pameandikwa: "Hutaamini alichokifanya bibi huyu wa Jambiani!"

Nikasoma habari yenyewe mpaka chini. Bibi ni Bi Mize, mkulima wa mwani, na alichokifanya ni kupika sabuni kwa mwani wake.

"Mbona nimeamini?" nikamwambia. "Kapika sabuni."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Akaniambia, "Babu, watu hawasomi. Wanapita tu. Usipowashtua hawasimami. Nnaandika usiku na mchana, nikitazama, waliosoma ni mama na weye."

Neno hilo lilinichoma. Nami niliwahi kulia kilio hicho hicho, kabla hata baba yake hajazaliwa.

Ujana wangu, mwanangu, blogu yetu ilikuwa ubao. Barza yetu ya Kiponda, kibaraza cha mawe tulichokuwa tukikaa, ilikuwa na ubao mweusi uliogongewa ukutani, na mwandishi wake nilikuwa mimi, kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri na kazi sikuwa nayo. Niliandika mechi za jioni, harusi, visomo, nani karudi Hija, meli ya Pemba inaondoka saa ngapi. Vijana wa barza ya Malindi nao walikuwa na ubao wao, na sisi na wao tulikuwa paka na panya. Suala lilikuwa moja tu: ubao wa nani unasimamisha watu.

Na kumsimamisha mtu Mji Mkongwe si kazi ndogo. Vichochoro unavijua. Mtu anatokea kwenye kona hii ana kikapu kichwani, na kabla hujamaliza kukohoa keshapinda kona ile. Mstari wako wa kwanza usipomshika hapo katikati, umempoteza. Nilikuwa nakaa barzani nawatazama wakipita, kila mgongo unaopinda kona nauona umenitukana. Ujana una kiburi chake.

Basi jioni moja timu yetu ikafungwa, tena kufungwa kwa aibu. Nikachukua chaki nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: TANZIA. Chini yake, kwa herufi ndogondogo, nikaandika kuwa timu yetu imefariki uwanjani na itafufuka Jumapili.

Laiti ungeona! Neno lile kwetu linajulikana lina uzito gani. Mwenye kikapu alisimama. Mwenye haraka alisimama. Bi Fatma, jirani yetu, alichomoza dirishani ghorofani, ukaya wa kichwani umemdondoka, anapiga kelele, "Kafa nani? Jamani, kafa nani?" Wakasoma, wakacheka, wakanipiga mgongoni. Usiku ule nililala kama sultani.

Aliyeonja asali, mwanangu, huchonga mzinga. Wiki ya pili nikaandika tanzia ya redio ya barzani iliyokufa betri. Kisha tanzia ya jogoo wa Bi Fatma aliyechinjwa sikukuu. Kila nikikosa la kuandika, narudi kwenye neno lile, na kila nikirudi wanasimama wachache zaidi kuliko juzi, nami badala ya kuuliza kwa nini, nikawa naongeza ukubwa wa herufi.

Maalim Othman, imamu wa msikiti wetu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa mtaa, alipita siku moja akasimama. Hakufoka. Alikuwa mtu wa tabasamu.

"Makame," akaniita.

"Naam, Maalim."

"Neno hilo unalitumia sana. Lina wenyewe."

"Mzaha tu, Maalim."

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," akasema, akaenda zake. Nami nikacheka na wenzangu alipopinda kona.

Sasa nikuambie habari za Fundi Mrisho. Huyu alikuja Unguja kijana kutoka Tabora, hakuoa, hakuzaa, na kisiwa kizima hakuwa na ndugu. Alikuwa na chumba kimoja hapo hapo karibu na barza yetu, na mlangoni ameegemeza baiskeli za kukodisha, kuukuu lakini kengele zote zinalia. Watoto wote wa Kiponda, na Malindi pia, tulijifunzia kwake. Kama huna pesa, alikupa pampu ukamjazia upepo mipira, ukishamaliza unapanda. Alikuwa anakushika nyuma ya kiti anakimbia na wewe, ndala zinampiga visigino, anakwambia tazama mbele, mwanangu, tazama mbele.

Asubuhi moja mlango wake haukufunguliwa. Walipousukuma wakamkuta amelala, kashatangulia mbele ya haki.

Maalim Othman akanifuata barzani. "Nenda kaandike. Tunamzika baada ya alasiri. Huyu hana jamaa wa kupeleka habari, Makame. Jamaa yake ni ubao wako."

Nikaandika kwa adabu yote niliyokuwa nayo. Juu TANZIA, kwa herufi kubwa, chini yake jina na saa. Nikasimama pembeni nikingoja.

Ameir, kijana muuza samaki, akatokea na kikapu. Akalitazama neno la juu, akatabasamu. "Leo zamu ya nani, yakhe? Paka?" Hakusimama. Nikamwita, kashapinda kona, na sauti yangu ilikuwa ile ile ya mizaha, angeiamini vipi? Wakapita wanafunzi wawili, wakasoma neno moja, wakacheka. Bi Fatma kachungulia dirishani, akasema, "Weye Makame, huchoki?" akafunga.

Adhuhuri ikapita. Nikaenda kuchungulia nyumbani kwa marehemu. Walikuwepo wazee wachache waliokaa mkekani, na jeneza limekuja kutoka msikitini limewekwa ukutani. Wazee wale, ukiwatazama, hata jeneza tupu wasingeweza kulibeba. Mtu aliyetubeba sisi sote, leo hana mabega.

Nikarudi ubaoni mbio, nikamkuta Maalim Othman kasimama anausoma. Safari hii hakutabasamu.

"Neno la maiti ulilikopa, mwanangu," akasema, "ukalivaa kila siku mpaka likatoboka. Leo mwenyewe kalihitaji."

Nikaanza kulia, kijana mzima mwenye ndevu, katikati ya njia. Nikamwambia niende nikabishe hodi nyumba kwa nyumba. Akasema, "Utafika ngapi kabla ya alasiri? Futa, uandike tena."

"Niandike nini, Maalim? Hawaniamini."

Akanitazama kidogo. "Weye baiskeli kakufundisha nani?"

"Fundi Mrisho."

"Na Ameir wa samaki?"

"Fundi Mrisho."

"Haya," akasema. Akanyoosha mkono, akafuta lile neno langu kwa kiganja chake, vumbi la chaki likamjaa kwenye mkono wa kanzu, akaenda kuosha maiti.

Nikabaki na ubao mtupu. Na kwa mara ya kwanza tangu nishike chaki, sikufikiri watu watanionaje mimi. Nilimfikiria huyo anayepita: nani huyu, ana nini moyoni mwake kinachomhusu aliyelala mle ndani? Nikaandika:

ALIYEKUFUNDISHA BAISKELI ANAZIKWA LEO BAADA YA ALASIRI.

Chini yake: Fundi Mrisho. Hana ndugu Unguja ila sisi.

Ameir akarudi, kikapu kitupu, anapiga mluzi. Akautazama ubao kwa jicho la pembeni, akapita. Akafika karibu na kona. Mluzi ukakatika. Akarudi kinyumenyume, akasoma midomo inamcheza, akatua kikapu chini.

"Makame. Kweli hii?"

"Wallahi kweli."

Akakaa barzani akashika kichwa. "Mimi kanishika kiti tokea hapa mpaka Forodhani," akasema. "Kumbe kashaniachia zamani, naenda peke yangu, hakuniambia." Akafuta macho kwa ncha ya shati. Kisha akainuka, akaenda mbio, na kikapu chake akakiacha pale pale.

Sijui alipita njia ngapi. Najua tu kwamba tangu hapo hakuna aliyeusoma ubao akapita. Bi Fatma alishuka mwenyewe, akawatuma wanawe. Vijana wa Malindi, mahasimu wetu, wakauandika mstari ule ule kwenye ubao wao. Watu wakaja kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wengi kwa baiskeli, wakaziegemeza ukutani mwa msikiti, moja juu ya mwenziwe, mpaka kichochoro kikaziba. Jeneza lilipotoka, mwanangu, lilikwenda juu ya vichwa kama linaelea. Mimi mwandishi niliyetaka kulibeba kuliko wote sikulipata hata mguu wake, kwa wingi wa mabega. Nililia tena, lakini kilio cha namna nyingine.

Tuliporudi kutoka makaburini, Maalim Othman alinishika bega. Hakunikumbusha kosa langu. Aliniambia, "Chaki yako nzuri. Iogope kidogo."

Nilimsimulia Salma yote haya. Akauliza, "Sasa, babu, nnaandika vipi?"

"Bi Mize kakwambia nini ambacho bado unacho moyoni?"

Akafikiri. "Kwamba maji ya ufukweni yamezidi joto, mwani ukawa unakufa. Na kwenye maji marefu, yaliko baridi, alikuwa haendi, anaogopa, hajui kuogelea. Basi katika uzee wake akajifunza."

"Na hilo umeliandika wapi?"

Akaona haya. "Chini kabisa. Baada ya sabuni."

"Basi kichwa ulikuwa nacho, ukakifukia miguuni."

Akaandika mbele yangu: "Bibi wa Jambiani aliyejifunza kuogelea ili mwani wake usife." Mimi ambaye habari nilishaisoma, nilitaka kuisoma tena.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo. Watakwambia kizuri chajiuza. Usiwasikilize sana, Fundi Mrisho alikuwa mzuri kuliko sote na nusura azikwe na wazee watano wa kikohozi. Kizuri nacho kinataka chaki. Kuwasimamisha watu si dhambi, na mstari mfupi unaosomeka kabla ya kona ni ufundi, ujifunze. Lakini mbiu ya mgambo ikilia iwe na jambo. Usikope hofu ya watu, wala kilio chao, wala mshangao wao, ukautumia kuuza jogoo. Siku ya haja utalitafuta neno, utalikuta limekwisha. Tafuta kwenye habari yako kile ambacho ni kweli na ambacho anayepita ana haki nacho, ukiweke juu, kisha utimize chini ulichoahidi juu. Ukikosa cha kuweka juu, pengine habari yenyewe bado hujaijua; rudi ukaulize.

Na Salma nimemuusia: siku yangu ikifika, kichwa cha habari ataandika yeye. Asiniongezee sifa. Aseme nani, wapi, saa ngapi, na kama kuna mtu mmoja niliyemshika kiti nikamwachia akaenda, amtaje huyo.

Mungu aubariki mkono wako, mwanangu. Ayafanye maneno yako yaaminiwe kabla hayajasifiwa, akujaalie wasomaji wanaosimama, na siku utakayohitaji mabega, uyakute tele.